Sura ya Tisa: Mtungi wa Moshi Baridi

"Mke wako hakuuawa na ugonjwa wake," Inspekta Kavata alisema. "Kuna mtu alimdunga sindano mgongoni, na sindano hiyo ndiyo ilimuua. Nataka jina."

Ndung'u alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi lake mwenyewe kama mgeni ambaye hakukaribishwa, kofia mikononi. Nje, watu wa kanisa walikuwa wakipanga viti vya plastiki chini ya turubai. Sufuria zilikuwa tayari motoni, ingawa kila mtu katika kiwanja kile cha Kitengela alijua kwamba mazishi yamesimamishwa, na alijua ni nani aliyeyasimamisha.

Hadi asubuhi hiyo, Ndung'u ndiye aliyekuwa mshukiwa. Dada ya marehemu alikuja kituoni akilia kwamba shemeji yake amempa mkewe, Waruguru, sumu. Alisema mwanamume huyo alimfungia mkewe nyumbani, akawakataza hata akina mama wa kanisa kumwona, na alipokufa akataka azikwe haraka. Kavata aliyachukua maneno hayo kwa uzito. Ndung'u alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na kwenye rafu ya chini, pembeni mwa misumari, aliuza dawa ya panya.

Kisha Daktari Nyaguthii, aliyeupasua mwili, akapiga simu. Hakupata sumu yoyote. Alichokuta ni usaha uliotanda juu ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, na tundu bichi la sindano chini kidogo ya kiuno. "Viini hivi havikufika pale kwa hewa, Inspekta," alisema. "Viliingizwa. Kama kuna mwingine aliyedungwa dawa ile ile, mtafute leo. Kichwa kitamuuma, shingo itakakamaa. Akikosa dawa mapema, kesho utaniletea mwili mwingine."

Kavata alivuta kiti akaketi karibu na Ndung'u, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Mlikuwa mnaficha kitu, wewe na yeye. Sidhani ulitaka afe."

"Tuliambiwa tusiongee." Sauti ya Ndung'u ilikwaruza. "Ukiongea unatolewa kwa laini. Kuna watu wengi wanangoja, madam."

"Wanangoja nini?"

"Seli."

Akaeleza, kwanza polepole, kisha kwa pupa kama mtu aliyetua mzigo. Waruguru alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Ugonjwa ulimwanzia machoni, ukashuka miguuni, hata chaki ikawa inamponyoka. Katika hospitali moja kubwa ya Nairobi waliambiwa jina lake, multiple sclerosis, MS kwa kifupi. Kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe na kutafuna ganda la neva, jinsi panya anavyotafuna mpira wa waya wa stima. Waliambiwa kwamba haina tiba, kuna dawa za kupunguza makali tu, na dawa hizo hazikuwa za watu kama wao.

"Halafu tukasikia kuna daktari huko Kisaju anapata seli shina kutoka ng'ambo. Zimetengenezwa upya kwa maabara. Wamezibadilisha ndani, ndiyo ile kinga ya mwili isizitambue, zipite, zifunike neva tena. Zinadungwa kwa mgongo."

"Uliziona?"

"Niliona mtungi. Wa aluminiamu, umefura tumbo, shingo ndogo. Mara ya kwanza wakiufungua, moshi baridi ulimwagika mpaka chini. Nilisema leo nimeona sayansi."

Kavata aliacha kuandika kwa kitambo kidogo.

"Huyo daktari ni nani?"

Ndung'u aliikunja kofia. "Daktari Ngugi. Na ni daktari wa ukweli, madam, alisoma. Bibi yake Ann ako na huo huo ugonjwa. Walidungwa pamoja na Waruguru ile sindano ya kwanza, mwezi uliopita. Waruguru wangu alishika kikombe na mkono wake. Alikunywa chai mwenyewe! Sasa ningekataa ya pili?"

"Ann amedungwa ya pili?"

"Bado. Waruguru alitangulia. Daktari aliniambia Ann ni Jumatano."

Kalenda ya duka la mbegu ilikuwa ukutani, juu ya redio. Kavata hakuhitaji kuitazama; leo ilikuwa Jumatano. Alisimama akipiga simu. Nambari ya Daktari Ngugi haikupatikana. Alijaribu tena akiwa mlangoni, kisha akiwa kwenye ngazi, na jibu likawa lile lile.

"Bedan!" aliita. "Washa gari."

Ndung'u alimfuata hadi nje. "Madam, ni mimi nilimpeleka. Alikuwa anaogopa sindano, mimi nikamwambia avumilie."

Kavata aliufunga mlango wa Land Rover.

*

Mvua ilikuwa imerudi mwezi huo baada ya ukame wa mwaka mzima. Majani mabichi yalichomoza kando ya barabara ya Namanga katikati ya mifupa ya ng'ombe ambayo hakuna aliyekuwa ameizika. Sajini Bedan aliendesha kwa kasi. Kavata alishika simu mkononi na kuendelea kupiga.

Huko Kisaju ilikuwa siku ya soko. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza mbuzi alipunga fimbo yake akawasalimu kwa Kimaasai. "Sopa!"

"Epa," Bedan alijibu dirishani. "Mzee, kliniki ya Daktari Ngugi?"

Mzee akaelekeza kwa fimbo nyuma ya maduka. "Lakini leo haiko wazi."

Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli. Walizunguka nyuma, na hapo wakamkuta mwanamume mmoja akifunga turubai juu ya pikapu kuukuu. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa koti jeupe la maabara lililopauka kwa kufuliwa. Kwenye mlango wa pikapu, chini ya rangi mpya ya bluu, maandishi ya zamani yalikuwa bado yanaonekana kama kovu: MBEGU BORA ZA MADUME.

"Kliniki imefungwa, mama. Mrudi Jumatatu."

"Jina lako?"

"Kiema."

Kavata alimwonyesha kitambulisho. Macho ya Kiema yalikwenda kwenye turubai, kisha yakarudi.

"Daktari yuko wapi?"

"Hayuko. Mimi ni wa kubeba tu, afande. Mzigo unatoka ng'ambo, unapitia Dar, unavuka Namanga. Mimi naungoja hapo mpakani nauleta hapa."

"Huu uliuleta lini?"

"Leo. Nimetoka Namanga asubuhi hii, hata chai sijakunywa."

Kavata aliinama akachungulia uvunguni mwa pikapu. Kila mahali uwanjani udongo mweusi ulikuwa umelowa na kunata kwenye viatu. Chini ya gari palikuwa pakavu, vumbi limetulia.

"Mvua ilinyesha alfajiri, Kiema. Gari hili lililala hapa."

Bedan alisogea akasimama kati ya Kiema na njia.

"Toa turubai."

Mtungi ulikuwa hapo, umefungwa kamba kwenye ubao wa gari, umefura tumbo na una shingo ndogo, kama Ndung'u alivyosema. Kavata aliufahamu kabla haujatolewa. Kwao Kangundo, baba yake alikuwa na ng'ombe wa maziwa, na mtu wa AI, upandishaji bila dume, alipokuja kupandisha alikuja na mtungi wa namna hiyo hiyo, umejaa naitrojeni ya kuigandisha mbegu ya dume. Watoto walikatazwa kuukaribia. Baridi yake huchoma kama moto.

"Ufungue."

Kiema alizungusha kifuniko. Hakukutoka moshi. Kavata alingoja kidogo, kisha akapenyeza kidole ndani ya shingo ya mtungi. Palikuwa na joto la kawaida.

"Hauna naitrojeni."

"Iliisha njiani."

"Basi seli nazo zilikufa njiani. Mbona ulikuwa unampelekea daktari?"

Kavata alivuta kishikio kilichokuwa ndani. Vichupa vya kioo vikapanda pamoja nacho, vyenye vibandiko vya maandishi ya kigeni. Alikiinua kimoja juani. Chini kilikuwa na maji yenye ukungu. Juu ya maji hayo ulikuwa umepanda utando mweupe, mzito kidogo, ukishikamana na kioo alipokitikisa.

Alikifungua, akanusa, akakirudisha kizibo kwa haraka.

"Bedan, nusa."

Bedan akanusa. Uso wake ulibadilika. "Yamechacha. Afande, hii ni..."

"Maziwa," Kavata alisema. "Malai imepanda juu. Kiema, uliwadunga watu maziwa kwenye uti wa mgongo."

"Mimi sikudunga mtu!" Kiema alipaza sauti. "Haki ya Mungu, mimi sijawahi kushika sindano ya mtu. Ng'ombe tu."

"Ongea basi."

Akaketi kwenye bampa. Ukame ulikuwa umemmaliza, alisema. Ng'ombe wa Wamaasai wamekufa, wa mashamba ya Kitengela wamekufa. Nani angemwita apandishe mizoga? Alibaki na mtungi na naitrojeni kidogo ndani yake. Ndipo akamsikia Daktari Ngugi, ambaye zamani alimtibu mama yake, akiuliza watu kama kuna anayejua njia ya kupata seli shina za ng'ambo kwa ajili ya mkewe. Kiema akasema anajua njia.

"Ile ya kwanza haikuumiza mtu, afande. Ilikuwa maji ya chumvi ya hospitali, yale ya dripu, safi. Lakini daktari akaniuliza mbona ziko wazi hivi. Akasema seli zikiwa ndani, maji lazima yawe na ukungu kidogo. Nikaogopa atajua."

"Ndiyo ukatia maziwa."

"Tone tu. Nilichemsha."

"Waruguru amekufa."

Kiema alimtazama kana kwamba amesema kwa lugha nyingine. Kisha akaanza kufuta viganja kwenye koti jeupe, tena na tena.

"Daktari anajua ni maziwa?"

"Hajui. Angejua angempelekea bibi yake?"

"Alichukua lini?"

"Jana. Alichukua kichupa kimoja, akaenda nacho kwake Kajiado."

"Jana? Si ni leo anamdunga?"

"Mimi sijui atafanya lini. Alichukua jana mchana."

Walimtia Kiema pingu, wakampakia nyuma ya Land Rover pamoja na mtungi wake.

*

Baada ya Isinya walikwama nyuma ya lori la magadi. Bedan alijaribu kulipita, akarudi. Basi la Arusha lilikuwa likija mbele kwa kasi. Kavata alipiga simu. Akapiga tena. Alimpigia Nyaguthii, akamweleza kwa maneno machache kuhusu maziwa.

"Mwambie asimguse," Nyaguthii akasema. "Na kama alishaguswa, hospitali, mara moja. Nitawapigia niwaambie waandae dawa."

Nyumba ya Daktari Ngugi ilikuwa mwisho wa mji wa Kajiado, mahali ambapo nyumba za mawe zinaishia na miiba inaanzia. Mlangoni hapakuwa na ngazi. Palikuwa na mteremko wa saruji wa kupitishia kiti cha magurudumu, umelainishwa kwa mkono wa mtu mwenye subira. Mlango haukuwa umefungwa.

"Hodi," Kavata aliita kwa sauti ya chini.

Hakuitikiwa. Alipita sebuleni. Kwenye meza ya kona kulikuwa na vitabu vya tiba, picha ya msichana aliyevaa sare ya shule ya bweni, na darubini ya maabara iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa kilikuwa na vumbi. Sauti ya mwanamume ilitoka chumbani, ya upole, ikihesabu pumzi.

Kavata alisukuma mlango kwa kidole.

Ann alikuwa amelala ubavu, kakunja magoti, mgongo wazi kuelekea mlangoni. Ngugi alikuwa ameketi nyuma yake, glavu mikononi, barakoa usoni. Sindano ndefu ilikuwa tayari imeingia chini ya mgongo wa mkewe, na tone la maji lilikuwa likining'inia kwenye ncha yake ya nje. Katika mkono wake wa kulia alishika bomba la sindano lenye maji yenye ukungu.

"Usisogee, tafadhali," Ngugi alisema bila kugeuka. Alidhani ni mtu wa nyumbani. "Sasa hivi tumemaliza."

"Daktari," Kavata alisema polepole sana. "Mimi ni Inspekta Kavata, kutoka Kitengela. Sitakukaribia. Nakuomba usifanye chochote na hilo bomba."

Mabega ya Ngugi yalijikaza. Mkono haukutetemeka.

"Kama ni mambo ya leseni, ngoja nje. Nikisogea vibaya mke wangu ataumia."

"Si leseni. Kiema niko naye kwa gari. Mtungi hauna naitrojeni. Vichupa vina maji ya chumvi na maziwa ya ng'ombe."

"Hapana."

"Ameniambia mwenyewe. Uliuliza mbona hazina ukungu. Akaziwekea ukungu."

"Hapana," Ngugi alirudia, na bomba likasogea kuelekea kwenye sindano, upana wa kidole tu. Bedan, aliyekuwa nyuma ya Kavata, akavuta pumzi. Kavata alimzuia kwa kiganja. Sindano ikiwa ndani ya uti wa mgongo wa mtu, huwezi kumrukia aliyeishika.

"Daktari, Waruguru alikufa kwa homa ya uti wa mgongo."

Mwili uliokuwa kitandani ukashtuka kidogo.

"Waruguru amekufa?" Ann aliuliza. Alikuwa akitazama ukuta. "Baba Waceke, Waruguru amekufa?"

Ngugi aliitazama sindano.

"Uliniambia amesafiri kwao Murang'a. Ulijua?"

"Mama Waceke, tulia, usisogee..."

"Ulijua?"

"Nilifikiri ni vidonda vya kitandani," Ngugi alisema. "Nilifikiri maambukizi yalitoka kwenye vidonda. Na kama ni dawa, basi ni wingi wake. Ndiyo maana nimekugawia. Nusu jana, nusu leo. Nimekuwa mwangalifu, Ann. Nimekuwa mwangalifu sana."

Nusu jana. Kavata alisikia maneno hayo: maziwa yalikuwa tayari mwilini mwa Ann.

"Toa sindano," Ann alisema.

"Ann..."

"Ni mgongo wangu. Toa."

Ngugi akaliweka bomba kwenye trei. Akabana pamba, akaitoa sindano kwa mwendo mmoja ulionyooka, akabandika plasta. Hata hapo mikono yake ilifanya kazi vizuri kabisa.

Kavata alizunguka kitanda akachuchumaa mbele ya uso wa Ann. Alikuwa mwanamke wa rika lake, uso mwembamba wenye jasho, macho yamefinywa kwa mwanga wa dirishani.

"Dada, kichwa kinakuuma?"

"Kidogo. Tangu alfajiri."

"Mbona hukumwambia?"

"Angekosa kunidunga."

"Jaribu kuinamisha kidevu kifuani."

Ann alijaribu. Shingo haikupinda. Alijaribu tena, akauma mdomo. "Ni mto," alisema. "Nililala vibaya."

Ngugi alikuwa amesimama. Alivua barakoa, akaja, akaweka kiganja nyuma ya kichwa cha mkewe na kukiinua taratibu, jinsi ambavyo bila shaka alishawafanyia wagonjwa wengi maishani mwake. Kichwa na mabega vikainuka pamoja kama ubao. Magoti yake Ann yakajikunja yenyewe kwa maumivu.

Ngugi alikirudisha kichwa mtoni. Uso wake ulikuwa umekuwa wa mtu mwingine, mzee zaidi.

"Bedan, leta gari mpaka mlangoni," Kavata alisema.

*

Katika hospitali ya wilaya walikuwa wamepigiwa, na walikuwa tayari. Kijana wa zamu, tabibu aliyeonekana kama ametoka chuoni juzi, alisema lazima atoe maji ya mgongo kwanza ndipo aanze dawa. Alisema hivyo huku akiitazama sindano kana kwamba ndiyo inayomtazama yeye.

"Nitafanya mimi," Ngugi alisema. Bedan alikuwa amemtia pingu na kumshika mkono. "Ana mgongo mgumu, nafasi ni ndogo. Mimi naujua. Inspekta, nifungue, nimsaidie, halafu unifunge."

Kavata alimtazama tabibu. Kijana hakukataa. Alionekana kupata nafuu.

"Asinishike," Ann alisema kutoka kitandani. Homa ilikuwa imepanda, maneno yakitoka moja moja. "Huyu kijana afanye. Hata akikosea. Lakini huyu asinishike tena."

Bedan akamtoa Ngugi nje.

Kavata ndiye aliyemkunja Ann, mkono mmoja nyuma ya magoti na mwingine nyuma ya shingo ile iliyokakamaa, akamshikilia huku kijana akitafuta nafasi. Alikosa mara ya kwanza. Ann alilia bila sauti, machozi yakilowesha shati la Kavata. Mara ya pili maji yakatoka. Yalipaswa kuwa safi kama maji ya kisima. Yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele.

"Dawa," kijana alimwambia nesi, na safari hii sauti yake ilikuwa imara. "Anza sasa hivi."

Kwenye korido Ngugi alikuwa ameketi kwenye benchi, pingu mikononi. Alimsikiliza Kavata akimsomea haki zake hadi mwisho, kwa adabu.

"Ulikuwa na darubini," Kavata alisema. "Iko sebuleni kwako. Tone moja tu kwenye kioo, ungeona kama kuna seli au hakuna."

"Ndiyo."

"Waruguru alipokufa, hukuangalia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Wagonjwa walipita mbele yao, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee wa Kimaasai akiegemea ukuta.

"Ann alisimama," Ngugi alisema. "Wiki moja baada ya ile ya kwanza. Alishika meza ya jikoni akasimama, akaniita nije nimwone. Inspekta, nilikuwa sijamwona akisimama karibu mwaka."

"Yalikuwa maji ya chumvi."

"Huu ugonjwa hurudi nyuma wenyewe. Unampa mtu miezi mizuri, halafu unamrudia. Nilijua hivyo. Wengine niliwaambia hivyo kwa mdomo wangu, walipokuja na habari za waganga." Alitazama pingu. "Niliogopa nikiangalia nitakuta hakuna kitu."

Kavata aliandika maneno hayo jinsi yalivyosemwa. Alimwomba ayasome na kutia sahihi, naye akatia, kwa mwandiko ambao ulisomeka vizuri kuliko wa madaktari wengi.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Kiema alikiri mbele ya hakimu. Vichupa vilivyobaki vilipelekwa kwa mkemia wa serikali. Waliokuwa wakingoja zamu Kisaju walitafutwa mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameguswa na maziwa. Wawili walimfukuza Bedan mlangoni kwa hasira, wakisema serikali imewanyang'anya dawa. Ndung'u alimzika mkewe, na dada ya marehemu alisimama upande wa pili wa kaburi bila kumtazama. Kila jioni Kavata aliuliza habari za Kajiado, na kila jioni nesi alimjibu kwamba bado.

Halafu jioni moja nesi akasema kwamba mama ameomba uji.

Kavata alimkuta ameegemezwa kwenye mito, amekonda, sikio la kushoto halisikii tena. Ugonjwa ulikuwa umeondoka na kitu. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka, hausogei. Alimwashiria Kavata akae upande wa sikio zuri.

"Wameniambia ni wewe ulinishika," Ann alisema.

"Tulikuwa wengi."

"Yeye yuko wapi?"

"Rumande. Wiki ijayo atafikishwa mahakamani kwa kifo cha Waruguru." Kavata alisogeza kiti. "Nikueleze ukweli, dada. Sheria hainiruhusu nikulazimishe kumtolea mume wako ushahidi. Ukikataa, nitaondoka, na hakuna atakayekulaumu."

Ann alitazama dirishani. Nje ya wadi, mtu alikuwa akifyeka nyasi kwa panga, na harufu ya majani mabichi ilikuwa imejaa chumbani.

"Waruguru alikuwa rafiki yangu," alisema. "Tulikuwa tunaulizana kwa simu, leo umesogeza nini. Yeye ananiambia kidole, mimi namwambia kifundo. Tunacheka kama wasichana." Alimgeukia Kavata. "Watoto wake wako na nani?"

"Na baba yao, wote wawili."

"Basi toa kalamu."

Kavata akatoa.

"Andika kwanza kwamba alinipenda," Ann alisema. "Hiyo iwe juu kabisa. Halafu nitakwambia yote aliyofanya."